Simuleta: mashini inayomfundisha rubani kabla hajabeba watu

Anayepanda ndege Mavivi, kule Beni, anauliza bei ya tiketi na kilo za mzigo. Ni wachache wanaouliza rubani alijifunzia wapi, na kama alijifunza kwa ndege ya aina ile ile. Tangu barabara ziwe za hatari, watu wengi wa Beni, Butembo na Lubero, wakiwemo wahami wenye ndugu mbali, wanaitegemea ndege. Na ajali wanaijua. Jumapili tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 iliyokuwa ikielekea Beni ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo, Goma, mara tu baada ya kuruka. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakiwa nyumbani kwao. Si kila ajali ni kosa la rubani, lakini swali la mafunzo linamhusu kila abiria.

Mashini ya kuigiza urukaji, yaani simuleta, ilianzia katika kiwanda cha vinanda. Mwaka 1929, huko Binghamton, Marekani, Edwin Link alichukua mivukuto ya kinanda, akatengeneza kisanduku chenye mabawa mafupi kilichoinama na kugeuka kama ndege. Watu walikicheka, na wateja wa kwanza walikuwa viwanja vya michezo. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wapatao 12 wakafa ndani ya majuma machache, wengi kwa kuwa hawakuzoea kuruka ndani ya mawingu na giza. Hapo jeshi likanunua sanduku 6 za Link. Katika Vita Kuu ya Pili, maelfu ya marubani walianzia humo.

Shida ni kwamba ndege hazifanani. Cessna Caravan ina injini moja. LET 410 inayo mbili, na moja ikizimika ndege inavutwa upande, rubani lazima airudishe kwa mguu papo hapo. Kwa hiyo simuleta inapangwa upya kwa kila aina: uzito, mafuta, mzigo umekaa mbele au nyuma, urefu wa kiwanja, joto la hewa. Hata programu za kompyuta ya kawaida, kama FlightGear ambayo ni ya bure, zinamruhusu kijana kubadilisha ndege na mzigo wake. Atajifunza mengi, ila hazimpi leseni. Na ukiipa mashini habari pungufu, itamfundisha rubani ndege isiyokuwepo.

Hilo lilionekana Afrika Mashariki. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika 6 baada ya kuruka. Watu wote 157 walikufa, wakiwemo Wakenya 32. Miezi mitano nyuma, ndege ya aina hiyo ya Lion Air ilianguka Indonesia ikaua watu 189. Katika zote mbili, mtambo uitwao MCAS ulipokea habari mbaya kutoka kwa kifaa kimoja, ukaisukuma pua ya ndege chini tena na tena.

Boeing ilikuwa imetetea kwamba rubani wa 737 ya zamani hahitaji simuleta ili kuhamia MAX. Somo fupi kwenye kompyuta linatosha. Hesabu ilikuwa ya pesa: kampuni moja ya Marekani iliahidiwa punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege kama simuleta ingelazimishwa. Ethiopian Airlines, ambayo ina simuleta ya MAX Addis Ababa, ilisema mashini hizo hazikutengenezwa kuonyesha hitilafu ya MCAS. Mwezi Mei 2019 Boeing yenyewe ilikubali kwamba programu ya simuleta hizo ilikuwa na kasoro, ikairekebisha.

Januari 2020 Boeing ikageuza msimamo: kila rubani wa MAX apite kwenye simuleta kwanza. Ethiopian Airlines ilirudisha ndege hizo angani tarehe 1 Februari 2022, karibu miaka mitatu baada ya ajali.