Upigaji video Gusii: Bei hukosewa kabla ya kamera kuwashwa

Na MWANDISHI WETU

KATIKA kaunti za Kisii na Nyamira, kazi ya kwanza ya mpigapicha za video aghalabu huwa si harusi bali mazishi. Abagusii wengi wamelowea ughaibuni, hasa katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, na asiyeweza kusafiri hutaka kuona na kusikia jinsi mzazi au ndugu yake alivyosindikizwa. Tangu janga la korona la 2020 lilipozuia safari na mikusanyiko, desturi ya kupeperusha ibada moja kwa moja kwenye intaneti imeshika mizizi.

Kwa chipukizi anayejitegemea, hafla hiyo haina marudio. Bwana harusi anaweza kuombwa aingie tena langoni, jeneza halirudishwi.

Jambo linaloharibu kazi nyingi ni sauti wala si picha. Kipaza sauti kilicho ndani ya kamera hunasa upepo, jenereta na minong'ono ya walioketi karibu. Heri kuwahi mapema, kuzungumza na mwenye mitambo ya sauti na kuomba waya kutoka kwenye mtambo wake, huku kinasa sauti kingine kidogo kikiwekwa karibu na spika kama akiba. Simu ya mkononi yatosha kwa kazi hiyo. Mrekodi avae visikizio muda wote.

Kamera nyingi za picha za mnato zinazotumiwa na wanaoanza hujizima baada ya dakika 29 na sekunde 59 za kurekodi. Mhubiri akiendelea kwa saa nzima, kijana asiyejua hili atagundua jioni kwamba nusu ya mahubiri haipo. Afaa kuzima na kuwasha wakati wa wimbo. Aidha, kurekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 22.5 kila saa, hivi kwamba kadi ya gigabaiti 64 haifiki saa tatu. Ibada ya kutwa yahitaji kadi kadhaa na betri zisizopungua tatu.

Hema la buluu au jekundu hupaka nyuso rangi yake. Dawa ni kurekebisha weupe wa kamera kwa karatasi nyeupe chini ya hema lenyewe. Ndani ya kanisa lenye taa za umeme, ambao nchini hutumia mizunguko 50 kwa sekunde, kasi ya shata ya 1/50 au 1/100 huzuia picha kumetameta. Na kwa kuwa mvua ya Gusii hupenda kunyesha alasiri, wakati ambapo msafara unaelekea kaburini, mfuko wa plastiki wa kufunika kamera usisahauliwe.

Kuhariri kuanze kwa kunakili mafaili yote katika diski mbili kabla ya kadi kufutwa. Programu ya DaVinci Resolve ina toleo lisilolipiwa linalotosha kwa miaka mingi, ijapokuwa huhitaji tarakilishi yenye nguvu. Ugumu hasa uko kwenye lugha. Risala husomwa kwa Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza zikichanganyika, na mhariri asiyeielewa Ekegusii vyema huweza kumkata mzee katikati ya methali. Wajukuu waliozaliwa Minneapolis nao watahitaji tafsiri chini ya picha. Kazi hiyo ya tafsiri ni siku nzima peke yake, na yapaswa kutozwa.

Hapo ndipo wengi huanguka. Chipukizi huulizwa bei kwa simu, hufikiria siku moja ya kurekodi, kisha hutaja Sh6,000. Hebu tufanye hesabu kwa mfano. Siku moja ya kurekodi na tatu za kuhariri ni siku nne. Akijilipa Sh2,000 kwa siku, hizo ni Sh8,000. Msaidizi Sh1,500, usafiri na chakula Sh1,000, umeme, intaneti na diski Sh1,000. Kamera na tarakilishi zilizomgharimu Sh150,000 zikitarajiwa kufanya kazi 100 kabla ya kuchakaa, kila hafla hula Sh1,500. Jumla ni Sh13,000, na akiongeza asilimia 15 ya dharura hufikia karibu Sh15,000.

Aliyetoza Sh6,000, baada ya kutoa gharama za mfukoni na uchakavu wa vifaa, hubakiwa na Sh1,000 kwa siku nne za jasho. Kibarua cha kuchuma majani chai huenda kikamlipa zaidi.

Mteja akisema hana fedha hizo, kinachopunguzwa ni kazi, si ujira: video ya dakika 20 badala ya saa tatu, au kamera moja bila tafsiri. Kushusha bei na kubakisha kazi ile ile ni kujiibia, na jirani wa mteja atataka bei hiyo hiyo wiki ijayo.

Arubuni ya nusu ipokelewe kabla ya siku yenyewe. Kwa mazishi, mwandishi wa makala haya angeshauri kumalizana na mweka hazina kabla ya siku ya ibada, kwa maana kamati ya mazishi huvunjika mara tu kaburi linapofukiwa, na baada ya hapo kila mwanakamati humwelekeza mdai kwa mwenzake. Mazungumzo hayo yafanywe kwa upole na mtu mmoja aliyeteuliwa, kamwe si mjane. Tena yasifanywe Jumamosi kwa familia za Waadventista Wasabato, ambao ni wengi Gusii.

Lipo suala la umiliki, ambalo vijana wengi hawalijui. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huchukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Anayetaka kutumia vipande vya harusi kujitangaza hana budi kuliandika hilo mapema. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo hudai idhini ya wanaoonekana. Mnamo Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Droni nayo hairushwi kabla ya kusajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini.

Yote haya hutoshea katika mkataba wa ukurasa mmoja, pamoja na tarehe ya kukabidhi kazi, idadi ya marekebisho yasiyolipiwa, na muda ambao mafaili yatahifadhiwa kabla ya kufutwa.