Tabora: Nyumba ya Mgeni, Njia ya Wapagazi

Walinzi wa kumbukumbu hupokezana kama manahodha wa jahazi moja: huyu hushuka, yule hushika usukani. Lakini jina lililochorwa ubavuni mwa jahazi ndilo linalosomwa katika kila bandari. Ndivyo ilivyo historia ya Tabora, mji ambao wazee wetu wa Unguja waliujua kwa majina ya Kaze na Unyanyembe. Waliokabidhiwa kuitunza wamebadilika mara nyingi. Majina yaliyowekwa na waliotangulia yangali yamesimama, na hayo ndiyo ninayomwomba msomaji ayatazame pamoja nami.

Tuanze na nyumba. Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, ipo tembe yenye kuta za udongo na paa la bapa. Katika karne ya 19 hapo palikuwa na makao ya wafanyabiashara wa Kiarabu, na ndipo alipokaa Said bin Salim, liwali wa Sultani wa Unguja. Henry Morton Stanley alifikia Kwihara mwezi Juni 1871, akakaribishwa, akapewa pa kukaa. Mwezi Februari 1872 alirudi hapo kutoka Ujiji akiwa na David Livingstone. Stanley aliondoka mwezi Machi kuelekea pwani. Livingstone akabaki hadi Agosti. Ni miezi sita tu, na nyumba hiyo hadi leo inaitwa Tembe la Livingstone. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa Kwihara alipewa nyumba nzima.

Simlaumu mgeni, kwani hakujiandikia jina hilo mwenyewe. Lakini tuulize alikuwa akingoja nini miezi yote hiyo. Alikuwa akingoja wapagazi. Bila ya mabega yao hapakuwa na safari. Mwaka uliofuata alipofariki katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Susi na Chuma na wenzao waliibeba maiti yake, wakapita Kwihara mwezi Oktoba 1873, wakaifikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874. Nyumba ina jina la aliyebebwa. Haina jina la waliobeba.

Walinzi wa mwanzo wa kumbukumbu hii kwa njia ya maandishi walikuwa wageni. Mwaka 1936, wakati wa utawala wa Waingereza, lilianzishwa Dar es Salaam jarida la Tanganyika Notes and Records. Lilihifadhi mengi ambayo leo tungeyatafuta tusiyapate, na hatuna budi kulishukuru. Lakini liliandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa walioandika ndani yake walikuwa maofisa na wamisionari. Baada ya Uhuru jarida likaitwa Tanzania Notes and Records. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ikayaweka magofu na majengo ya kale chini ya ulinzi wa serikali ya wananchi. Uongozi ukabadilika, dhamana ikabadilika. Jina la nyumba ya Kwihara halikubadilika.

Kulikuwa na walinzi wengine, wasiokuwa na jarida wala ofisi: watu wa kiti cha Unyanyembe. Wao hukumbuka kwa nasaba. Humtaja Fundikira, mtemi aliyemwoza binti yake Karunde kwa Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip. Humtaja Mnywa Sele, aliyegombana na Waarabu kwa sababu ya ushuru, akaondolewa kitini. Humtaja Isike, aliyefikwa na mauti mwezi Januari 1893 Wajerumani walipoiteka ngome yake. Serikali ya Tanganyika ilipoondoa madaraka ya machifu, kiti kilipoteza amri lakini hakikupoteza kumbukumbu. Abdallah Said Fundikira, aliyekuwa chifu kisha Waziri wa Sheria, aliishi hadi mwaka 2007. Mzee wa namna hiyo anapoondoka, maktaba hufungwa mlango.

Nasi watu wa visiwani tuna sehemu yetu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliichapisha Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Miaka ya 1950 W. H. Whiteley akaitafsiri kwa Kiingereza. Carl Velten naye mwaka 1901 alitoa Safari za Wasuaheli. Lugha ni yetu, ingawa ilipitia mikono ya wengine. Hata hivyo, katika habari za tajiri mpagazi huhesabiwa pamoja na mizigo. Ni nadra kusikia sauti yake.

Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, kwa jina la Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Vituo vyake ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina hilo ni la kweli, na haifai sisi wa Unguja kuukwepa ukweli wa minyororo iliyoishia katika soko letu. Lakini halimalizi habari. Wanyamwezi wengi walibeba mizigo kwa ujira, wakashuka pwani na kurudi makwao kulima. Kirangozi, aliyetangulia na bendera mbele ya msafara, alikuwa kiongozi kwa kazi yake. Njia iliyopewa jina la mzigo huwasahau wote wawili: aliyefungwa na aliyeajiriwa.

Basi kazi iliyobaki kwa yeyote atakayeshika usukani si ya kungoja fedha nyingi. Nasaba za Unyanyembe ziandikwe kutoka vinywani mwa wanaozijua, kwa Kinyamwezi kwanza, kisha kwa Kiswahili. Maneno ya Tippu Tip yasomwe Tabora kwa lugha aliyoyatungia. Na mlangoni pa tembe la Kwihara, chini ya jina la mgeni, liandikwe jina la mwenyeji Said bin Salim, na chini yake majina ya Susi na Chuma. Rangi ya kuandikia haizidi kopo moja.