Tarumbeta Lina Mwenyewe: Wapigaji na Walimu wa Ukingo wa Ziwa

Ukanda wa Ziwa Victoria upande wa Kenya umetoa wapiga ala za nyuzi kama nyatiti, orutu na gitaa ambao majina yao yanajulikana hadi kwa watoto. Wapiga tarumbeta wake hutajwa kwa jina la bendi tu: bendi ya polisi, bendi ya jeshi, bendi ya kanisa. Vipaji havikukosekana. Tofauti iko kwenye umiliki: nyatiti ni ya mpigaji, ilhali tarumbeta ni mali ya taasisi.

Kupuliza hakukuletwa na wageni. Waluo walikuwa na abu, tarumbeta la kibuyu, na oporo, pembe ya mnyama inayopulizwa kupitia tundu lililotobolewa ubavuni. Pwani nako siwa za Lamu na Pate, moja ya shaba na nyingine ya pembe za ndovu, zilipulizwa katika sherehe za watawala. Kanuni ya vyombo hivi vyote ni ile ile ya tarumbeta la kizungu: midomo ndiyo hutetemeka, na chombo hukuza mtetemo huo. Aliyemudu oporo alikuwa ameshaijua nusu ya kazi.

Nusu ya pili ilikuja na reli na kambi. Njia ya reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901, na mwaka uliofuata kikosi cha jeshi la kikoloni, King's African Rifles, kikaundwa. Baragumu la kambini halina vali, kwa hiyo hutoa sauti chache tu, zinazotosha kuwaamsha askari na kuwaita kwenye chakula. Tarumbeta lina vali tatu. Ya pili hushusha sauti nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Zikibanwa kwa kuchanganywa, sauti zote za ngazi hupatikana. Chombo cha namna hiyo hudai nota, na nota hudai mwalimu. Mwalimu huyo alikuwa bendimasta. Askari alikabidhiwa tarumbeta kama alivyokabidhiwa buti, na siku ya kustaafu akavirudisha vyote stoo.

Raia nao walilitamani. Miaka ya 1890 vijana wa pwani walianzisha beni, ngoma iliyoiga bendi na gwaride za Wazungu, na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakaisambaza bara. Kule Malawi ilizaa malipenga, ambamo vibuyu hushika nafasi ya matarumbeta. Walipokosa shaba, watu walirudi kwenye kibuyu.

Mlango mwingine wa kulifikia tarumbeta ulikuwa kanisa. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921, likaota mizizi magharibi mwa nchi, jirani kabisa na Kisumu, na bendi za shaba ni sehemu ya ibada yake. Mtoto ambaye wazazi wake wasingeweza kununua chombo aliweza kujifunza huko.

Mafunzo ya tarumbeta huanza bila tarumbeta. Mwanafunzi hukaza pembe za midomo, huvuta pumzi mpaka tumboni, kisha hupuliza kipande cha mdomoni peke yake hadi kilie bila kukatika. Ndipo hupewa chombo kizima, na kwa muda mrefu hushikilia sauti moja ndefu huku mwalimu akimkanya asivimbishe mashavu. Mwisho wa somo hufungua kitundu cha chini kumwaga maji ya pumzi, hutia vali mafuta na kumpisha anayesubiri. Mwenye zamu fupi hujenga midomo polepole, kwa sababu misuli hiyo hutaka mazoezi ya kila siku.

Ushahidi wa nguvu ya umiliki uko pia kwenye muziki wa dansi. Jijini Dar es Salaam, chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz mwaka 1964, kikanunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mishahara. Mpiga tarumbeta kama Joseph Lusungu alipata pa kusimama. Benga, muziki wa gitaa wa ukingo wa ziwa, ilikuwa kazi ya watu binafsi. Mwanamuziki wa benga D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati ng'ambo ya mpaka na kufariki kwa ajali Kisumu mwaka 2006, alihitaji gitaa, na gitaa mtu aliweza kujinunulia. Kwa hiyo benga ikakua juu ya nyuzi, na shaba ikabaki kambini na kanisani.

Shule ndiyo ingeliziba pengo hilo. Washington Omondi, mmoja wa watano waliotayarisha wimbo wa taifa mwaka 1963 na mtafiti wa nyatiti aliyepata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha London mwaka 1980, aliongoza tume ya rais ya muziki iliyoundwa mwaka 1982. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulikuwemo katika mtaala wa msingi. Baadaye uliondolewa kwenye mtihani wa kitaifa, na somo lisilotahiniwa huwa la kwanza kukosa mwalimu na vifaa.

Leo mtaala wa umilisi una mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zikitaka wapiga tarumbeta wenye majina, zinunulie shule vyombo na kuwaajiri wastaafu wa bendi kuwa walimu. Kisha wakuu wa shule wamruhusu mwanafunzi kwenda na tarumbeta nyumbani likizoni. Tarumbeta linalofungiwa stoo halijawahi kumfanya mtu mwanamuziki.