Santuri Iliyosema Kiswahili

Kabla nanasi halijaipa Thika sifa, mji huo na jirani yake Ruiru ilijulikana kwa mashamba ya mkonge na kahawa. Leslie Notcutt, meneja wa mashamba kama hayo Afrika Mashariki, ndiye aliyewaza mwaka 1926 kuwaonyesha vibarua sinema. Nia yenyewe haikuwa ya hisani tupu: kibarua aliyeburudika, alidhani, hatatoroka kazi.

Mwaka 1935, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, wazo hilo likawa mradi huko Vugiri, milimani Usambara. Hadi 1937 zilikuwa zimetoka filamu 35 za milimita 16, nyingi zikiigizwa na wenyeji.

Werevu wa mradi huo ulikuwa kwenye sauti. Haikuwa ndani ya utepe wa picha bali kwenye santuri, ikachezwa sambamba. Filamu moja ingeweza kusema Kiswahili leo na lugha nyingine kesho, bila kupiga picha upya. Lakini sindano ikiruka tu, mdomo na neno huachana!

Anayepiga filamu ya vinyago vya udongo mezani kwake Ruiru leo huanzia upande wa pili. Hurekodi mazungumzo kwanza, kisha huhesabu fremu, yaani picha moja moja za filamu. Sekunde moja hula fremu 24, yaani mikao 12 ya kinyago, kila mmoja ukipigwa mara mbili. "Karibu" ya nusu sekunde ni mikao 6. Moshi ni pamba iliyochambuliwa. Maporomoko ya Mto Chania ni nailoni inayosogezwa kidogo kidogo kwa kidole.