Risasi kwenye damu: kisa cha Owino Uhuru

Wadau, nimepotea kidogo. Mitihani imenibana huku Mkonze, ila nikipitia madaftari ya kemia nimekutana na historia ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Mombasa kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru, wakazi kama 3,000. Mwaka 2007 kikaanza pale kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi (madini jamani, siyo ya bunduki). Dada mmoja, Phyllis Omido, akaajiriwa hapo. Mwanawe mchanga akaanza kuugua. Wakatafuta malaria, wakatafuta homa ya matumbo, wapi! Mpaka damu ilipopimwa risasi ndipo jibu likapatikana.

Sasa risasi utaionaje kwenye damu? Hapa ndipo nilipokolea. Zamani damu ilichemshwa na asidi kali, kisha ikachanganywa na dithizoni, kemikali inayogeuka nyekundu ikikutana na risasi. Ilitaka mililita kadhaa za damu, na mtoto mchanga utamkamua ngapi? Mwaka 1955 Alan Walsh, akiwa Australia, akaja na njia nyingine: washa taa iliyotengenezwa kwa risasi, pitisha mwanga wake kwenye mvuke wa sampuli. Atomi za risasi zinaumeza mwanga huo, na kiasi kilichomezwa ndicho kinakupa hesabu. Mwaka 1970 Delves wa Uingereza akashusha damu inayohitajika hadi maikrolita 10, hata tone moja halifiki!

Utafiti nao ukazidi kushusha kiwango cha hatari. Marekani miaka ya 1960 ilikuwa maikrogramu 60 kwa desilita ndipo washtuke. Mwaka 1991 wakasema 10, mwaka 2012 wakasema 5, na 2021 wakafika 3.5. Yaani mtoto mwenye 20 angerudishwa nyumbani, mama anaambiwa mwanao mzima.

Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ikatoa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 rufaa ikaitengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo ya kuvutana! Mimi naona bila zile karatasi za maabara yangebaki maneno ya kina mama wa mtaani tu, na maneno yao tunajua huwa yanasikilizwa vipi.

Haya, kuna andalio la somo linanisubiri. Alamsiki.