Vibonzo Vyetu Vilisoma Kibaha, Havijafika Kisarawe

Msibani kwa Wazaramo wa Kisarawe, mtani haombi ruhusa. Anavaa kanzu ya marehemu, anatembea kwa mwendo wake, anakohoa kama yeye, kisha anamgombeza mjane kwa sauti ileile iliyozoea kudai chai alfajiri. Wafiwa wanacheka huku machozi yakiwatoka. Kukasirika ni mwiko. Watani hao, wakiwamo Wanyamwezi na Wasukuma, wazee huwahusisha na enzi za misafara, watu wa bara walipolazimika kupita nchi ya Wazaramo ili kuifikia bahari. Uchoyo wa baba, unafiki wa mashemeji, mke mdogo aliyefichwa, yote huanikwa hadharani na hakuna anayeshtakiwa.

Wamarekani mtani wao wa televisheni alikuja kwa kuchorwa. The Flintstones ya mwaka 1960 ilionyesha kwamba familia ya vibonzo inaweza kuwakalisha watu wazima sebuleni usiku. The Simpsons ya Matt Groening, iliyoanza kama kipindi kamili tarehe 17 Desemba 1989, ikaongeza pilipili: baba mvivu na mlafi, mtoto asiyeambilika, mama aliyeibeba nyumba nzima, na kinu cha nyuklia cha tajiri bahili. Januari 1992 Rais George Bush alisema angependa familia za nchi yake zifanane na the Waltons, familia ya tamthilia ya kistaarabu, kuliko the Simpsons. Mkubwa alikasirika, basi. Siku chache baadaye kipindi kikamjibu kwa kejeli.

Kwetu miaka hiyo televisheni ilikuwa upande mmoja tu wa Muungano. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kejeli ikaishi kwenye karatasi. Gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory, mzee ambaye watu walimtafuta kabla ya kusoma habari za chama. Kisha likaja jarida la Sani, lililopewa jina kwa kuunganisha mwanzo wa majina ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo aliishi Lodi Lofa, aliishi Ndumilakuwili ambaye jina lake lilitosha kumweleza, na aliishi Madenge, mtoto mtundu ambaye kila mtaa ulikuwa na wa kwake. Nakala moja ilipita mikono mingi hadi ikachanika. Baadaye mchora katuni Masoud Kipanya akampa panya kazi ya kuwasema wakubwa, na panya huyo hajastaafu.

Televisheni ilipoenea, kejeli ilirudi kwa watu wa nyama na damu. Kundi la Ze Comedy lilianzia EATV, likahamia TBC kwa jina la Orijino Komedi, na Joti wa kundi hilo akavaa ubibi hadi watoto wakamwita bibi. Vibonzo vya kwetu vilichelewa zaidi. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza TBC1, kazi ya shirika lisilo la faida lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka mmoja kabla, ikifundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Ikafuata Akili and Me, na binti wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Ni kazi nzuri, na watoto wamejifunza kuhesabu kwayo. Ila katika nyumba hizo hakuna baba anayedanganya kuhusu mshahara.

Chanzo cha ualimu huo nakiona Kibaha. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilikubaliana na Tanganyika kujenga pale kituo cha sekondari, mafunzo ya wakulima na afya, kilichokabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Tangu hapo mfadhili anapofungua mkoba hufungulia somo. Katuni ni ghali, kila sekunde inachorwa, na hakuna mfadhili aliyewahi kuulizwa na bodi yake watu wangapi wamecheka. Kwa hiyo vibonzo vyetu vilizaliwa na kalamu ya mwalimu mkononi. Mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alilazimika kuwa Nairobi ndipo akapata The XYZ Show, iliyoanza Citizen TV mwaka 2009. Nayo ni ya vikaragosi vya mpira, na shabaha yake ni wanasiasa.

Wakuu wa vituo vya televisheni, wachoraji mnao na wachekeshaji mnao. Wawekeni meza moja. Wachore nyumba moja ya Pwani: baba ameuza shamba la mikorosho kwa mtu wa mjini bila kumwambia mama, mjomba ndiye dalali, na kijana amekwishaziona hela kwenye simu ya baba. Dakika tano kwa wiki haziwezi kumfilisi mtu. Anzeni na hizo.