Mugeni aone nini, ale nini? Historia ya Lubumbashi kwenye sahani

Mugeni akishuka Lubumbashi, akitoka Kinshasa, Mbuji-Mayi ao inchi za mbali, ulizo lake ni lilelile: "Hapa kwenu mutu anaona nini? Na anakula nini?" Sisi wenyeji tunajibu bila kufikiri. Tunamuonyesha shemine ya Gécamines, kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, makumbusho, na bustani ya nyama. Mangaribi tunamupeleka kula michopo. Kesho yake ni bukari na sombe, na kama ana moyo, vinkubala. Kisha tunamuambia kwa majivuno: "Haya yote njo ya bankambo yetu."

Katika kurasa hizi tunataka kupima jibu hilo. Tumelitoa mara nyingi sisi wenyewe, na tukilichunguza tunaona kwamba ni kweli nusu tu. Vitu vingi tunavyoita vya bankambo vililetwa na treni na kompani. Na vile vilivyo kweli vya bankambo vinatoka porini, na lile pori linaendelea kutukimbia.

Vya kuona

Muji wetu ulianzishwa mwaka wa 1910. Wabeljiki waliuita Élisabethville kwa jina la malkia wao, na mwaka wa 1966 ukapata jina la Lubumbashi, ni kusema jina la muto unaopita hapa. Mwaka uleule wa 1910 njia ya treni ilifika kutoka kusini, kutoka Rhodesia, na mwaka wa 1911 tanuru ya Union Minière ikatoa shaba yake ya kwanza. Basi mugeni akiangalia shemine, inayopita mita 150 ya urefu, na ule mulima mweusi wa masalio ya shaba ulio pembeni yake, anaangalia sababu ya muji kuwa hapa. Bila ile kazi, hapa pangekuwa vijiji na musitu.

Lakini kazi ya shaba haikuanza na shemine. Mbele yake, bankambo waliyeyusha mawe ya shaba katika tanuru walizojenga kwa udongo wa kichuguu. Walipuliza moto kwa mivukuto, wakamimina shaba katika umbo la musalaba. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachunguzi walichimba makaburi ya zamani mwaka wa 1957 na 1958. Walikuta watu waliozikwa pamoja na vyungu vya kupendeza na misalaba midogo ya shaba. Mugeni anaweza kuona misalaba ya namna hiyo kwenye makumbusho yetu, yaliyoanzishwa mwaka wa 1946.

Shauri letu ni hili: mugeni aanze kwenye makumbusho, kisha aende kwenye shemine. Akianza na shemine, atarudi kwao akifikiri kwamba Wazungu njo walitufundisha shaba.

Kuna tena mahali pengine, na pale hatumupeleke mugeni hata siku moja. Mwaka wa 1941, wakati wa vita ya dunia, bei ya vitu ilipanda na mushahara ukabaki palepale. Katika mwezi wa 12 wafanyakazi wa Union Minière walisimamisha kazi. Tarehe 9 walikusanyika kwenye kiwanja cha mupira, na askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa pale, na kati yao Léonard Mpoyo, karani aliyekuwa musemaji wao. Sisi tumesimama na wageni wengi mbele ya shemine, tukahesabu mita zake, na hatukusema neno moja juu ya siku ile. Kosa ni letu. Zile nyumba za zamani tunazosifu zilijengwa na feza ya shaba, na shaba ile iligharimu damu.

Bukari ya posho

Sasa tukae kwenye meza. Hakuna mutu wa Lubumbashi atakayekubali kwamba mugeni amekula kama hakugusa bukari. Lakini bukari nyeupe ya mahindi matupu si ya zamani sana sawa tunavyofikiri. Wazee wa vijiji vya huku walikula unga wa mutama na wa ulezi, kisha wa muhogo. Mahindi yalijulikana, lakini hayakuwa yametawala chungu.

Yaliyoyatawaza ni mambo ya kazi. Kompani ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulisha, na vijiji vya jirani vilikuwa vichache. Treni ikaleta unga wa mahindi kutoka Rhodesia. Kila juma mufanyakazi alipokea posho yake: unga, kunde ao maharagi, chumvi, mafuta, nyama ao samaki kwa kipimo. Tangu karibu mwaka wa 1928, kompani iligeuza siasa yake. Ilitaka mufanyakazi akae myaka mingi kambini pamoja na bibi na watoto. Wale watoto waliozaliwa kambini hawakujua tena mutama wa kijijini. Kwao chakula cha nyumbani ilikuwa bukari ya posho.

Kambini watu walitoka kila upande: Waluba wa Katanga na wa Kasai, watu wa Luapula, Warundi na Wanyarwanda walioandikwa kazi katika myaka ya 1920, na wengine wengi. Kila mama alikuja na mukono wake. Mama wa Kasai alichanga unga wa mahindi na wa muhogo, na sombe aliiita matamba. Mama wa Luapula alileta kibwabwa, ni kusema majani ya maboke yaliyopikwa na karanga. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kilipikwa namna ileile, ndani ya chungu kilekile.

Hatusemi basi kwamba bukari si yetu. Iko yetu, kwa sababu wababu wetu waliilipa kwa jasho. Tunachosema ni kwamba mugeni ajue jina la chakula na njia yake pia. Njia ile ingali wazi. Mahindi mengi tunayokula yangali yanatoka ngambo ya mupaka, na kila mara Zambia inapofunga mahindi yake pale Kasumbalesa, bei ya mufuko wa unga inapanda Lubumbashi. Wamama wa soko wanajua habari hiyo mbele ya redio.

Samaki aliyetoka kwenye orodha

Kama mutu angeuliza ulizo letu katika myaka ya 1930, angepata jibu ambalo leo hatulisikie tena. Angeambiwa: "Kula mpumbu." Mpumbu ni samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru. Kila mwaka, wakati wa mvua, samaki hao walipanda kwa makundi makubwa kwenye mito ili kutaga mayai. Wakaaji wa kando ya maji waliwangojea sawa vile mulimaji anangojea mavuno.

Muji ulipokua, wafanyabiashara, na zaidi Wagiriki, walijikalisha Kasenga. Walinunua samaki kwa wingi na kuwapeleka Élisabethville kwa kamyo, kwa sababu kambi zilikuwa na njaa ya mboga. Nyavu ziliongezeka, na mitego iliwekwa mule mule mpumbu anapopita akiwa na mayai. Ilipofika myaka ya 1950, biashara ya mpumbu ilikuwa imeanguka. Samaki wengine wa Kasenga wangali wanafika sokoni, lakini yule wa makundi makubwa alitoka kwenye sahani yetu. Hakuna vita iliyomuondoa. Aliyemumaliza ni muji uliomupenda.

Vya porini

Tumekumbusha mpumbu kwa sababu tunaona njia ileile mbele ya vyakula vingine. Hivi ni vile ambavyo mugeni hatavipata pahali pengi, na tungependa avile mbele ya michopo.

Cha kwanza ni vinkubala. Vinakula majani ya miti ya musitu wetu wa miombo, na vinaokotwa katika majira ya mvua. Vikikaushwa vinalindika muda murefu. Mama anaviloweka katika maji ya moto, anavikaanga na vitunguu, tomati na chumvi. Mugeni afunge macho mara ya kwanza, mara ya pili atayafungua mwenyewe.

Kuna bowa wa musimu wa mvua, wengine wapana kuliko sahani, wanaoota kwenye vichuguu. Kuna masuku, matunda matamu yanayouzwa kando ya barabara mvua inapoanza. Kuna munkoyo: unapika uji mwepesi wa mahindi, unauacha upoe kidogo, unatia mizizi ya porini iliyopondwa. Mizizi ile inafanya uji uwe mwepesi na mutamu. Siku ya kwanza mutoto anakunywa, nyuma ya siku mbili unaanza kuchachuka.

Na kuna kikanda. Vile viazi vidogo vinachimbuliwa kwenye dembo, ni kusema mabonde yenye majimaji. Mama anavitwanga na karanga, anatia pilipili na maji ya majivu, anapika mpaka vinashikamana, kisha anakata vipande sawa nyama. Wageni wengi wanaapa kwamba ni nyama. Lakini kila kiazi kinachochimbuliwa ni ua moja linalokufa, na ua lile linaomba myaka mbele ya kuzaa lingine. Wachimbaji wanaenda mbali zaidi kuliko zamani.

Profesa François Malaisse, aliyefundisha kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alichapa mwaka wa 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya musitu huu. Ukikifungua, unaona kwamba wazee wetu walikuwa na duka kubwa pasipo mulango. Duka lile sasa tunalichoma. Nyumba nyingi za Lubumbashi zinapika na makala, kwa sababu umeme unakatika ao haukufika. Sisi tunaoandika haya tunapika na makala vilevile. Miti iliyokuwa karibu na muji imekwisha, na leo makala yanakuja kwa kamyo na kinga kutoka makumi ya kilometa. Muti ukianguka, vinkubala vinakosa majani.

Miti ya miombo ina moyo mwema: ukiacha kisiki, na moto usipite kila mwaka, inachipuka tena. Vijiji vinavyochunga musitu wao, vinavyookota vinkubala bila kukata muti, vinafanya kazi kwa ajili ya meza yetu. Tuvilipe bei nzuri. Tusibishane na mama wa soko mpaka franga ya mwisho juu ya kile tusichoweza kupanda.

Kumalizia

Basi mugeni akituuliza tena, tujibu hivi. Aone misalaba ya shaba kwanza, kisha shemine, kisha tumusimulie juu ya kiwanja cha 1941. Ale bukari, na tumuambie habari ya posho. Anywe munkoyo, aonje kikanda kidogo tu, na aulize vinatoka wapi. Kama mama wa soko anamujibu "mbali sana siku hizi", asidhani ni maneno ya kupandisha bei. Ni habari ya muji wetu, na ni sisi tuko na deni ya kumufasiria.